Karibu, Lakini Sigara Hupati

Mpwa wangu alikuja nyumbani jioni moja ya Jumapili, akaniamkia shikamoo kwa sauti ya chini, na nilipomwitikia marahaba hakuketi. Alisimama mlangoni ameishika simu yake kama mtu aliyeshika barua ya msiba. Nikamwuliza kulikoni. Akaninyooshea ile simu nitazame mwenyewe. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya mechi kumi na tatu za mpira, nyingi za Ulaya, na mbele ya kila mechi alama ya kuonyesha kama alikisia sawa au la. Alama kumi na mbili zilikuwa za kijani. Moja ilikuwa nyekundu.

"Mjomba," akasema, "nilibakiza moja tu."

Vijana wanauita ubashiri wa namna hiyo mkeka. Unaunga mechi moja na nyingine kama ukili unavyoungwa na ukili, na kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo fedha unazoahidiwa zinavyoongezeka. Lakini mechi moja tu ikienda kombo, mkeka mzima umechanika na hupati hata senti. Zilizochanika safari hii zilikuwa fedha za ada ya muhula wa pili, ambazo mama yake, dada yangu, alizikusanya kwa kuuza mchele sokoni hapa Morogoro. Hazikuondoka siku moja. Ziliondoka kidogo kidogo kwa muda wa wiki sita, na kila mara, kwa maelezo yake, alikuwa amekaribia. Mara ilibaki mechi moja, mara bao la dakika ya mwisho lilimharibia. Ungemsikiliza ungedhani ni mtu anayepanda mlima na sasa anakiona kilele.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Lakini kabla sijayatoa, likanijia msemo mmoja wa Kimarekani uliowahi kunitia aibu zamani, nilipokuwa nikijipatia riziki kwa kutafsiri.

Ilikuwa katika miaka ya 1980. Nilipewa hadithi fupi niitie katika Kiswahili, na ndani yake mtu mmoja anairusha kofia yake kutoka mlangoni ili inase kwenye msumari ukutani. Kofia inagusa msumari, inaanguka chini. Rafiki yake anamwambia, "Close, but no cigar." Nami kwa uaminifu wa mwanafunzi nikaandika, "Karibu, lakini hakuna sigara." Mhariri aliurudisha mswada ameupigia mstari mwekundu mahali pale, na pembeni ameandika swali moja: Nani alimwomba sigara? Sikuwa na jibu. Katika hadithi nzima hapakuwa na mtu aliyevuta chochote. Tukauondoa msemo ule tukaweka maneno mengine, na kitabu kikaenda zake. Ila swali la mhariri lilibaki nami, na nilipokuja kupata wakati na vitabu nikalifuatilia.

Kwanza ni sigara yenyewe. Neno letu sigara lina asili moja na hilo la Kiingereza, lakini kwetu limebakia kwenye kile kijiti chembamba cha karatasi. Ile ya Wamarekani katika msemo huu ni sigara nene, iliyosokotwa kwa jani la tumbaku lenyewe, yenye harufu nzito, ambayo katuni za magazeti humtia mdomoni tajiri mwenye kitambi. Leo ni kitu cha anasa. Zamani haikuwa hivyo. Mashine ya kutengeneza sigara nyembamba kwa maelfu ilipata hataza mwaka 1881, na ilichukua miaka mingi kabla Wamarekani hawajaziacha zile nene. Mwanzoni mwa karne ya ishirini sigara nene ya senti tano ilikuwa starehe ya fundi seremala, mkulima na dereva wa gari la farasi. Thomas Marshall, aliyekuwa makamu wa rais kuanzia 1913 hadi 1921, anakumbukwa zaidi kwa mzaha wake kwamba haja kubwa ya nchi ile ni sigara nzuri ya senti tano. Ndiyo kusema, ukitaka kumpa mwanamume mtu mzima zawadi ndogo ambayo hataidharau, ulimpa hiyo.

Na mahali ilipotolewa kama zawadi ni kwenye maonyesho. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapa, maadam anazijua Nanenane. Wamarekani nao wana maonyesho yao ya kilimo ya kila wilaya: ng'ombe wanapimwa, maboga makubwa yanapewa utepe, na pembeni, mbali kidogo na mifugo, pana safu ya vibanda vya michezo na vyakula. Safu hiyo ilipata jina na umaarufu mpya baada ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, ambako uchochoro wa burudani uliokuwa na gurudumu kubwa la kwanza la Ferris, lenye kimo cha mita 80, uliwavuta watu kupita maelezo. Baada ya hapo makundi ya wachezeshaji yalizagaa nchi nzima, yakihama mji hadi mji kwa treni, yakifunga vibanda Jumatatu na kuving'oa mwisho wa wiki.

Katika vibanda hivyo ungeweza kurusha mpira uangushe chupa za maziwa zilizopangwa, au kutupa pete ivae kichwa cha fimbo. Wenye misuli walikwenda kwenye mnara wa nyundo. Huo ni mlingoti mrefu wenye kengele juu kabisa. Mtu anapiga kwa nyundo ya mti kwenye kitako chake, na kipande cha chuma kinapanda kikifuata waya. Kikiigonga kengele, umeshinda, unapewa sigara yako. Kikiishia shibiri moja chini ya kengele, mwenye mnara anapaza sauti ili umati wote usikie: umekaribia, lakini sigara hupati! Watu wanacheka, mwanamume anakunja mikono ya shati, anatoa senti nyingine.

Hiyo ndiyo asili ya msemo kama wachunguzi wa maneno wanavyoieleza, na mhariri wangu wa zamani angeridhika nayo. Mimi sikuridhika mpaka nilipojua habari ya waya.

Waya ule anaoufuata yule mjumbe wa chuma haukuwa wa kupendezesha macho. Ukikazwa, chuma kinateleza juu bila kizuizi na hata mtoto wa shule mwenye nguvu kidogo anaweza kuigonga kengele. Ukilegezwa, chuma kinayumba na kusuguana nao, kinapoteza kasi, kinafia njiani. Na mwenye mnara aliweza kuulegeza au kuukaza kwa kuegemea tu kamba ya kuushikilia mlingoti, huku anazungumza na wateja, uso wake ukiwa na tabasamu. Chupa za maziwa nazo zilikuwa na siri yao: moja ilitiwa risasi chini ikawa nzito kuliko wenzake, na ikiwekwa mahali pake, mpira utaangusha zote isipokuwa hiyo. Pete zilikuwa pana kuliko kichwa cha fimbo kwa unene wa ukucha tu.

Si kila mwenye kibanda alikuwa tapeli, nisije nikawasingizia waliokufa. Lakini yatazame mambo haya kwa makini. Angetaka tu usishinde, angeweza kuweka kengele mahali pasipofikika, nawe ungepiga mara moja ukaenda zako. Hakutaka hivyo. Kazi yake yote, ujuzi wake wote, ulikuwa katika kukufikisha shibiri moja. Kule kukaribia ndiko kulikotengenezwa. Ndiyo bidhaa iliyokuwa ikiuzwa pale. Na sigara zenyewe mara moja moja zilitolewa kweli, kwa sababu umati ulihitaji kumwona mtu anaondoka akifuka moshi, lakini kwa kuwa alizinunua kwa jumla kwa bei ya chini, hata mshindi alikuwa amelipia sigara yake.

Kutoka vibandani msemo ukaingia mjini, na ulipofika huko ulikuwa umeshapoteza mnara na nyundo. Mwezi Mei 1929 gazeti moja la Long Island, karibu na New York, lilitumia maneno hayo kuwa kichwa cha habari ya mtu aliyegombea uenyekiti wa vikundi viwili katika juma moja na kushika nafasi ya pili kote kuwili. Mwaka 1935 yakasikika katika filamu ya Annie Oakley, yule mwanamke mlenga shabaha. Na Novemba 1949, katika mji wa Lima, jimbo la Ohio, duka la sigara liliponea chupuchupu kuungua na moto, mwandishi wa gazeti la pale hakuweza kujizuia: akaitia habari ile kichwa hicho hicho. Wakati huo zawadi vibandani zilikuwa zimekwisha kugeuka wanasesere na dubu wa manyoya, kwa sababu wanawake na watoto walikuwa wateja, na sigara ikabaki katika maneno tu, kama sisi tunavyosema mtu ameambulia manyoya wakati hapana kuku aliyechinjwa.

Kuhusu Annie Oakley inafaa nisimame kidogo. Mwanamke huyo alikuwepo kweli. Alizaliwa mwaka 1860 huko huko Ohio, akafiwa na baba mapema, akajifunza bunduki ili kuilisha familia. Alipokuwa bado msichana alipambanishwa na mlenga shabaha wa kulipwa, Frank Butler. Wengine husema ilikuwa 1875, wengine 1881. Kama inavyosimuliwa kwa kawaida, walipiga shabaha moja moja kwa zamu, Butler akakosa ya 25, ya mwisho, naye msichana akapata zote. Filamu ya 1935 ilibadilisha jina la mwanamume huyo na ikageuza mambo: humo binti anajikosesha kwa makusudi ili mwanamume asiaibike. Nadhani waliotengeneza filamu waliona aibu ile haimezeki. Butler mwenyewe aliimeza. Alimposa aliyemshinda, wakaoana, na baada ya miaka michache ya kupiga wote wawili jukwaani akaacha kushindana, akawa anamshikia mkewe shabaha na kumtunzia mikataba yake. Annie alifariki tarehe 3 Novemba 1926. Butler alifuata siku 18 baadaye.

Inasimuliwa pia kwamba katika safari zake za Ulaya Annie aliwahi kuipiga kwa risasi sigara aliyokuwa ameishika Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, na kwamba Vita Kuu ilipozuka watu walisema laiti angekosea kidogo. Sisi ambao babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita hiyo, hata Dar es Salaam ikabaki na Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, tunaweza kuwa na maoni yetu kuhusu risasi hiyo. Lakini nimetoka njiani.

Nilikuwa nikisema kwamba niliona haya kwa tafsiri yangu. Nikaanza kutafuta Kiswahili kina nini cha kuweka mahali pale, na nikakuta jambo la ajabu. Sisi tuna maneno mengi ya kukaribia, lakini mengi ni ya kuponea shari. Nusura aanguke. Neno hilo ni ndugu wa kunusuru. Anayelitumia anamaanisha kwamba ameokolewa. Chupuchupu nalo ni la mtu aliyepona gari. Ya kukosa heri iliyokuwa mkononi ni machache zaidi, na lile linalosikika sana ni la mtu aliyekula ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Hapo lawama ni ya mlaji: nyama ilikuwepo, mkia ulikuwepo, ni yeye aliyelegea. Hatuna, au mimi sikupata, neno la mtu aliyetengewa ng'ombe ambaye mkia wake umefungwa chuma ndani.

Ndipo nikalirudia neno langu la kwanza, lile lililopigiwa mstari mwekundu. Karibu. Kwa Kiingereza neno la mwenye mnara linapima umbali tu. Kwetu ni umbali, na pia ni neno tunalomwambia mtu aliyesimama mlangoni aingie. Mwenye mnara angekuwa Mswahili, angetamka neno moja, na masikio ya mteja yangepokea yote mawili kwa pamoja: hukuwa mbali, na njoo ndani. Wakati wote nilidhani nimeitafsiri vibaya nusu ya kwanza ya msemo ule. Sasa naona ni nusu hiyo niliyoipatia kuliko nilivyojua.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu jioni ile, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Nikamtajia vizibo vya soda vya utoto wake, vilivyoandikwa ndani "Jaribu tena." Nikamwambia jinsi wasimamizi wa michezo ya kamari katika jimbo la Nevada, mwishoni mwa miaka ya 1980, walivyokataza mashine ambazo zilikuwa zikiamua kwanza kwamba umeshindwa, kisha zinachagua picha za kukuonyesha ili uone kama ulikosa kwa mstari mmoja. Nikamwambia kwamba mwaka 2009 watafiti wa Cambridge waliwapima wachezaji, wakaona kukosa kwa karibu kunaudhi kuliko kukosa kwa mbali, na bado kunamtia mtu hamu zaidi ya kuendelea.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha akanikamata.

"Lakini mjomba, kwenye mpira hakuna anayelegeza waya. Yule mshambuliaji wa Ulaya hanijui."

Alisema kweli, na nilikaa kimya muda mrefu. Baadaye nikachukua kalenda ya ukutani, nikaigeuza nyuma kwenye weupe, nikatafuta penseli. Nikamwuliza: wewe unajua mpira, katika mechi kumi unakisia sawa ngapi? Akasema sita, labda saba. Tukachukua sita. Mechi moja, basi, ni sita kwa kumi. Mbili zote kuwa sawa ni thelathini na sita kwa mia. Tukaendelea kuzidisha mpaka ya kumi na tatu, na kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wa hesabu za umeme aliniongoza mimi kuliko nilivyomwongoza. Mkeka wa mechi kumi na tatu kutoka wote salama ilikuwa mara moja katika mikeka 766. Halafu nikamwambia apige hesabu ya kukosa moja tu, yoyote kati ya zile kumi na tatu. Ikatoka mara moja katika mikeka 88. Yaani kwa kila mkeka mmoja unaoshinda, kuna karibu tisa inayobakiza mechi moja. Tukipiga na ile inayobakiza mbili, unakuta mkeka mmoja katika kila 22.

Nikamwuliza amecheza mikeka mingapi katika wiki zile sita. Akahesabu kwenye simu. Ilikuwa zaidi ya mia. Iliyobakiza mechi moja ilikuwa miwili, huu wa leo na mwingine wa mwezi uliopita. Iliyobakiza mbili ilikuwa mitano. Aliyaangalia yale mahesabu nyuma ya kalenda, akaiangalia simu, akarudi kwenye kalenda. Hakuna aliyelegeza waya. Urefu wa mkeka wenyewe ndio waya, na ni yeye aliyekuwa akiufuma kwa vidole vyake, maana kampuni haikumlazimisha kuweka mechi kumi na tatu. Ilimwonyesha tu fedha zinavyopanda kila akiongeza moja.

Wakati tunaendelea kutazama, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa wenye mchezo, wakimpa pole na kumwambia kwamba wamemwekea kiasi kidogo cha fedha za bure za kuchezea kesho. Akaniangalia. Sikusema kitu. Nilikuwa natazama kidole chake kilivyobaki juu ya kioo bila kugusa, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Yule mwenye mnara," akaniuliza hatimaye, "zile sigara zilizobaki alizifanya nini?"

Nikamwambia sijui, labda alizivuta.

Akaizima simu akaitia mfukoni. Sikuwa na fedha za kumlipia ada yote. Za pensheni yangu zingetosha nusu, na nusu hiyo nilimwahidi, kwa sharti kwamba nusu nyingine atamwambia mwenyewe mama yake ilikokwenda, nami nikiwepo. Alinisihi nimwambie mimi. Nikakataa. Alinisihi tungoje hadi mwisho wa mwezi, pengine atapata kibarua. Nikakataa na hilo, kwa kuwa nilijua mwisho wa mwezi ungekuwa na mechi zake.

Tukatoka kwa miguu, giza limeanza kuingia. Njiani hatukuzungumza. Dada yangu alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anapepeta mchele wa kupeleka sokoni asubuhi. Aliinua kichwa aliposikia nyayo zetu, akatuona wawili pamoja saa zile, ungo ukasimama.

"Karibuni," akasema.

Tukaingia, na mwanawe akaanza kusema kabla hajaketi.